Miaka mitano tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani: kwa nini binti wa miaka 15 bado anaozwa?

#1 MwanaKishapu
23 Oktoba 2024

Wakuu, salaam.

Leo imetimia miaka mitano tangu Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilipoitupa rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuolewa. Kwa wasiolikumbuka vizuri, kifungu cha 13 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamtaka mvulana awe na miaka 18 ndipo aoe, lakini msichana kinamruhusu kuolewa akiwa na miaka 15, na mahakama inaweza kutoa kibali hata kwa mwenye miaka 14. Kifungu cha 17 kinaongeza kwamba msichana aliye chini ya miaka 18 ataolewa kwa idhini ya baba yake. Mahakama Kuu ilikwisha kutamka tarehe 8 Julai 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba kwa kuwabagua wasichana, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa tarehe 23 Oktoba 2019, na hadi leo Bunge halijavibadilisha.

Mimi ni mtu wa Kishapu, mkoani Shinyanga, na ninayaona haya kila mwaka baada ya mavuno. Hoja yangu ni kwamba sheria zetu zinamlinda mwanafunzi, hazimlindi msichana. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, na sasa anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba, anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Wazazi wa kwetu wanaifahamu sheria hiyo kuliko tunavyodhani, na kwa sababu wanaifahamu wanasubiri. Binti anaelekezwa nyumbani aandike majibu ya uongo katika mtihani wa darasa la saba ili asichaguliwe kwenda kidato cha kwanza. Akishafeli si mwanafunzi tena, baba anatoa idhini, ng'ombe wanaingia zizini, na hakuna askari anayeweza kumgusa mtu.

Naomba tujadili kwa utulivu. Tatizo liko wapi hasa, kwenye kifungu cha 13 au kwenye jamii yenyewe?

#2 Kaka wa Nzega

Mleta mada, umesema kweli tupu. Hata huku Tabora hadithi ni hiyo hiyo, na ng'ombe ndio wanaozungumza. Baba mwenye mabinti watatu na kaka zao wawili wanaotaka kuoa hana benki nyingine. Mahari ya dada ndiyo inayomtolea kaka mahari. Utabadilisha kifungu cha 13 leo, na kesho yule kijana atatakiwa apeleke ng'ombe ukweni. Atawatoa wapi?

#3 Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha shule za msingi mkoani Shinyanga kwa muda mrefu, na jambo la kufeli kwa makusudi si uvumi. Mtoto aliyekuwa akishika nafasi za juu darasani tangu la nne, katika mtihani wa mwisho karatasi yake ya hisabati inarudi kana kwamba hakuwahi kuingia darasani. Nilimwita mmoja wao baada ya mtihani, nikampa maswali matano yaleyale kwa mdomo, akayajibu yote akiwa amesimama mlangoni huku akiangalia kama mama yake anapita barabarani. Sikumuuliza kwa nini, kwa sababu sote wawili tulikuwa tunajua.

Hata hivyo, sikubaliani na Kaka wa Nzega kwamba ni ng'ombe peke yao. Nimewaona wazazi wenye ng'ombe wa kutosha, wasio na shida ya mahari, wakiwaoza mabinti zao kwa hofu. Shule ya sekondari ya kata iko mbali, mtoto anapanga chumba mtaani kwa wiki nzima na kujipikia, na hapo ndipo waendesha bodaboda na wenye vibanda wanapompatia chakula na nauli. Baba anahesabu kwamba mwisho wa safari hiyo ni mimba. Anaona afadhali amwoze kabla hajaaibika, ili apate mahari kamili, kuliko kumwoza akiwa na mtoto mgongoni kwa nusu ya mahari. Jengeni mabweni, mtaona mabadiliko.

#4 Wakili wa Wilayani

Salaam kwa wote. Nina sahihisho la kisheria kwa mleta mada, na si dogo.

Umeandika kana kwamba vifungu vya 13 na 17 bado vina nguvu kwa sababu Bunge halijavibadilisha. Tusome Ibara ya 30(5) ya Katiba. Inasema kwamba Mahakama Kuu, badala ya kuitangaza sheria kuwa batili, inaweza kuipa Serikali muda wa kuirekebisha, na sheria hiyo itaendelea kuhesabiwa kuwa halali hadi marekebisho yafanywe au muda uliowekwa umalizike, na kinachozingatiwa ni muda ulio mfupi zaidi. Mahakama ilitoa mwaka mmoja. Hata tukiuhesabu mwaka huo kuanzia hukumu ya Rufani, ulikwisha Oktoba 2020. Kwa usomaji wangu, anayemwozesha leo binti wa miaka 15 kwa kuegemea kifungu cha 13 anaegemea ukuta uliokwisha kuanguka.

Kwa hiyo swali la kweli ni kwa nini wafungisha ndoa, watendaji wa kata na hata baadhi ya mahakimu wanaendelea kufanya kazi kana kwamba hukumu haikutolewa. Jibu langu ni kwamba kitabu cha sheria kilichoko mezani kwao bado kimeandikwa 15, na hakuna aliyewapelekea waraka wa kuwaambia vinginevyo.

#5 Kaka wa Nzega

Wakili, ahsante kwa elimu. Lakini mzee wa kijijini kwetu hasomi Ibara ya 30(5), wala mtendaji wake haisomi. Ukishinda kesi Dar es Salaam na habari isifike Nzega, mtoto wa Nzega hajashinda chochote.

#6 Mama Neema

Kaka wa Nzega, kila ukishindwa hoja unakimbilia kwa "mzee wa kijijini". Siku moja tumlete humu ajisemee mwenyewe.

Mimi niliolewa nikiwa na miaka 16, na ningependa wanaume wanaojadili ng'ombe na ibara watuachie nafasi kidogo tuliopita huko. Mahari yangu ilikuwa ng'ombe kumi na mbili. Sikuwaona. Waliingia usiku nikiwa kwa shangazi, na waligawanywa kabla sijarudi. Mume wangu hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu amseme vibaya. Kilichonitesa ni kwamba kila nilipogombana na wakwe na kutaka kurudi kwetu, baba yangu aliniuliza ng'ombe atawarudisha kwa njia gani, maana walikwisha kumwolea kaka yangu. Nikirudi mimi, ndoa ya kaka inayumba. Kwa hiyo nilikaa. Ndoa mbili zilikuwa zimefungwa kwa kamba moja, na mimi ndiye niliyekuwa fundo.

Ukiniuliza tatizo ni nini, nitasema hapakuwa na mtu hata mmoja katika ukoo mzima ambaye kazi yake ilikuwa kuniuliza mimi.

#7 MwanaKishapu

Mama Neema, ahsante kwa kusema. Maelezo yako yamefafanua hoja ya mahari kuliko tulivyoweza sisi.

#8 Ustadhi wa Tanga

Assalaam alaykum. Ninaheshimu maumivu ya dada yetu hapo juu, na sitetei ndoa ya kulazimishwa, kwa kuwa dini yangu haiikubali. Hata hivyo, ninaona mjadala unakwenda upande mmoja. Jamii za dini nchini zina misingi yake ya ndoa, na katika Uislamu kipimo cha awali ni balehe, si namba iliyopangwa na Bunge. Sheria ya mwaka 1971 ilikuwa maridhiano baada ya mjadala mrefu uliotokana na Waraka wa Serikali Na. 1 wa mwaka 1969, na ilijaribu kuzipatanisha mila, dini na sheria ya kiserikali katika kitabu kimoja. Ukiuvunja upande mmoja wa maridhiano yale bila kuwauliza wahusika, watu wataozeshana majumbani bila kuandikisha, na binti atakosa hata cheti cha kudai talaka na matunzo. Serikali inaposema kwamba inakusanya maoni ya viongozi wa dini, ninaielewa.

#9 BintiPwani

Waalaykum salaam, Ustadhi. Mimi pia ni Mwislamu, na nimesoma madrasa kabla ya kusoma shule, kwa hiyo naomba niseme kwa adabu kwamba hoja yako ina pengo. Balehe haikuwahi kuwa kipimo pekee. Wanazuoni wanazungumzia pia rushdi, yaani mtu awe na busara ya kusimamia nafsi yake na mali yake, na Qurani inawataja mayatima katika Suratun Nisaa kwamba wapewe mali zao pale inapoonekana kwamba wana rushdi. Mtoto tusiyemwamini na duka la mjomba tunamwaminije na mimba?

Halafu tuziangalie nchi za Kiislamu zenyewe. Morocco iliurekebisha mfumo wake wa sheria ya familia mwaka 2004 na kuweka miaka 18 kwa jinsia zote mbili, ingawa iliacha mlango wa kibali cha jaji ambao wanawake wa huko wanaulalamikia hadi leo. Misri tangu mwaka 2008 haisajili ndoa ya aliye chini ya miaka 18. Hawakuacha kuwa Waislamu.

Kuhusu maoni, Serikali imekusanya maoni tangu mimi sijamaliza shule. Binti aliyezaliwa mwaka ule kesi ilipofunguliwa sasa ana miaka minane. Akisubiri miaka mingine saba ya maoni, atakuwa amefika umri wa kifungu cha 13.

#10 Ustadhi wa Tanga

Binti yangu, umejibu kwa elimu. Suala la rushdi ninalikubali. Hofu yangu juu ya ndoa zisizoandikishwa bado iko palepale.

#11 Mkurya wa Tarime

Mnaizungumzia Shinyanga na Tabora kana kwamba ndoa inaanzia kwenye mahari. Kwetu inaanzia kwenye kisu. Msichana wa Kikurya akishakeketwa, jamii inamhesabu kuwa mtu mzima, na posa zinaanza kuingia hata kabla jeraha halijapona. Ukeketaji ndio unaofungua mlango wa ndoa, kwa hiyo ukilipigania moja na kuliacha jingine umefanya nusu ya kazi.

Ukeketaji wa mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai Tanzania tangu mwaka 1998, kupitia Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Takwimu za kitaifa zimeshuka kutoka asilimia 18 ya wanawake mwaka 1996 hadi asilimia 10 mwaka 2015/16 na asilimia 8 mwaka 2022, lakini wastani wa taifa unatuficha sisi. Kwetu msimu ni Desemba shule zikifungwa, na mara nyingi ni miaka yenye namba shufwa, kwa uamuzi wa wazee wa mila wa kila koo. Hesabuni wenyewe, huu ni mwaka 2024. Kule Mugumu na Masanga kuna nyumba salama zinazowapokea mabinti wanaokimbia, na wakati wa msimu zinajaa. Binti anatembea usiku kucha na kandambili mkononi ili zisipige kelele njiani. Msimu ukiisha wanafanyiwa upatanisho na wazazi, wengi wanarudi nyumbani, na wengine hawana pa kurudi.

Kisha kuna nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari na kumwoa msichana ili amzalie warithi. Wakili, kifungu cha 13 kinasema nini juu ya hilo?

#12 Wakili wa Wilayani

Mkurya, Sheria ya Ndoa inaitambua ndoa ya mwanaume na mwanamke tu, kwa hiyo nyumba ntobhu kisheria si ndoa. Matokeo yake ni mabaya zaidi, kwa sababu msichana aliyemo humo hawezi kudai talaka wala mgawanyo wa mali kama mke. Na kama ana miaka chini ya 18, mwanaume anayeletwa kulala naye hawezi kujitetea kwamba ni mume. Hilo ni kosa la ubakaji kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu.

Hapo niwaoneshe ubaya mwingine wa umri huu wa 15. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 ni ubakaji hata kama ameridhia, isipokuwa kama ni mke wa mtu huyo na ametimiza miaka 15. Maana yake tendo lilelile, kwa mtoto yuleyule, lina adhabu ya miaka 30 likifanyika bila mahari, na halina kosa lolote likifanyika baada ya mahari.

#13 Kaka wa Nzega

Hiyo ya mwisho sikuwa ninaijua. Ni nzito.

#14 Muuguzi K.

Nimesoma kimya tangu jana. Nimefanya kazi katika wodi ya wanawake wenye fistula, na ninaomba kuongeza kile ambacho wanasheria na wenye ng'ombe hawakioni. Nyonga ya msichana wa miaka 15 mara nyingi haijakomaa. Uchungu unakaa siku mbili au tatu, kichwa cha mtoto kinabana tishu kati yake na mfupa, damu haipiti, tishu inakufa, na baada ya siku chache linabaki tundu ambalo mkojo unavuja bila kukoma. Mtoto mara nyingi anazaliwa amekufa. Mama naye anarudishwa kwao kwa sababu ananuka.

Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam inatibu fistula bila malipo na imekuwa ikiwatumia wagonjwa nauli kwa simu kupitia watu wa kujitolea walioko vijijini, kwa sababu waligundua kwamba matibabu ya bure hayana maana kwa mtu asiye na nauli ya basi. Nilimpokea mmoja ambaye alikuja na kanga tano zilizokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa akibadilisha moja kila kituo ambacho basi lilisimama, ili kiti kisilowe na kondakta asimshushe. Baada ya upasuaji aliniuliza kama ninaweza kumwandikia barua ya kumwonesha mumewe kwamba amepona. Nilimwandikia, lakini moyo wangu haukuridhika.

#15 Mwana wa Kwale

Hamjambo kutoka upande wa pili wa mpaka. Nimewasoma na ningependa kuwapunguzia imani kwenye sheria. Kenya tunayo yote mnayoyadai. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inasema miaka 18 kwa wote, bila idhini ya baba wala kibali cha mahakama. Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ni ya mwaka 2011. Sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tunayo tangu mwaka 1994. Hata hivyo, Samburu bado msichana mdogo anavishwa shanga na moran, yaani kijana shujaa wa kimila, ili awe mpenzi wake, na hakuna anayeshtakiwa, na huku kwetu Pwani shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020 kwa sababu ya korona, wapo waliotoka darasani wakiwa wanafunzi na ambao shule zilipofunguliwa Januari 2021 walikuwa wake za watu. Kwetu kesi nyingi zinakufa kwa chifu, wazee wakikaa chini ya mti na kukubaliana fidia.

#16 MwanaKishapu

Mwana wa Kwale, karibu. Ninakubali kwamba sheria haitoshi, ila kuna tofauti kati ya sheria isiyotekelezwa na sheria inayoruhusu. Kenya mzazi akikamatwa hana kifungu cha kujifichia. Kwetu anacho, au anadhani anacho, kama alivyotueleza Wakili.

Na kuna mfano mwingine. Malawi ilipitisha sheria ya ndoa ya miaka 18 mwaka 2015, lakini Katiba yao ilikuwa na mwanya wa idhini ya mzazi kuanzia miaka 15, wakauziba mwaka 2017. Kabla ya yote hayo, kule Dedza, chifu Theresa Kachindamoto alikuwa tayari anazivunja ndoa za watoto kwa mamlaka yake ya kimila na kuwarudisha watoto shuleni, idadi yake ikaja kupita 800, na aliwasimamisha kazi wakuu wa vijiji walioziruhusu. Alitumia mila dhidi ya mila. Sisi machifu tuliwaondolea mamlaka mapema baada ya uhuru, lakini tunao sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, ambao mtu wa Usukumani anawaogopa kuliko polisi. Sijawahi kuona sungusungu wakimtoza mtu faini kwa kumwoza mtoto. Wanatoza kwa wizi wa ng'ombe.

#17 Mwalimu Mstaafu

Sungusungu wenyewe ndio wakwe. Nani amtoze nani?

#18 Dada wa Ustawi

Mimi ni afisa ustawi wa jamii, sitataja wilaya. Mwaka jana tulizuia ndoa ya binti wa kidato cha pili. Tulifika na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto asubuhi, vyakula vikiwa jikoni, bwana harusi akakimbia, baba akakamatwa. Magazeti yanapenda kuishia hapo. Kilichofuata ni kwamba binti hakuwa na cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki ilikuwa imepotea, na mama aliyepaswa kuthibitisha umri akageuka na kusema mtoto wake ana miaka 19. Siku ya ushahidi binti mwenyewe hakuonekana, kwa maana alikuwa amehamishiwa kwa shangazi yake wilaya nyingine. Kesi ikaondolewa. Na nimwambie ukweli Wakili: hata angekuja, ningemwelewa asingesema. Tulikuwa tunamtaka amfunge baba yake miaka mingi na jioni arudi kula katika nyumba hiyo hiyo. Wilaya yetu haina nyumba salama. Gari la ofisi ni moja, na mafuta tunachangishana.

Kwa hiyo mimi nina maelezo yangu tofauti na yenu nyote. Adhabu kubwa inatuharibia kazi. Miaka 30 inawafanya ndugu wote wafunge mdomo.

#19 BintiPwani

Dada wa Ustawi, hapo sikubaliani nawe. Adhabu ikipunguzwa, itakuwa faini, na faini italipwa kwa ng'ombe mmoja kati ya hao waliopokelewa.

#20 Mtu wa Takwimu

Naomba kuweka namba chache ili tusiende kwa hisia. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015/16 ulionesha kwamba takriban wanawake 3 kati ya 10 wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha miaka 18. Wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliokwisha kuzaa au kuwa wajawazito walikuwa asilimia 27 mwaka huo, wakashuka hadi asilimia 22 mwaka 2022. Kati ya tafiti hizo mbili, sheria ya ndoa haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kwamba elimu ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutiwa ada kuanzia Januari 2016. Mimi ninaamini shule inachelewesha ndoa kuliko mahakama.

#21 Mama Neema

Shule gani, ndugu yangu? Kwa miaka mingi shule hiyo hiyo ilimfukuza aliyepata mimba, na kanuni za mwaka 2002 ziliiruhusu. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi darasani. Zuio hilo liliondolewa kwa waraka Novemba 2021. Binti yangu wa kwanza alifukuzwa ndani ya kipindi hicho, na siku aliyofukuzwa ndiyo siku posa iliyoingia. Waraka ulipotoka alikuwa na watoto wawili. Kwa hiyo unapohesabu asilimia zilizoshuka, hesabu na wale waliosukumwa na shule yenyewe hadi mlangoni kwa mume.

#22 Mtu wa Takwimu

Nimekuelewa, mama. Pole kwa binti. Hilo halimo katika jedwali langu, na lina uzito wake.

#23 Wakili wa Wilayani

Niongeze kwa Mama Neema kwamba waraka si sheria. Unaweza kuondolewa na waraka mwingine. Haki ya aliyejifungua kurudi shuleni inapaswa kuandikwa ndani ya Sheria ya Elimu yenyewe.

#24 Jirani Mwema
25 Oktoba 2024

Wakuu, samahani kwa kuwatoa kwenye mjadala. Nimejiunga humu kwa sababu ya uzi huu. Jirani yangu ana binti wa miaka 15 aliyefanya mtihani wa darasa la saba mwezi uliopita. Matokeo bado. Jana wamekuja wageni, wamechinja, na nimesikia kwamba wanamchukua kabla ya Krismasi. Binti alikuja kisimani akamwambia mke wangu kwamba hataki. Nilimwendea mwenyekiti wa kitongoji, akanijibu kwamba mtoto amemaliza shule, tuwaachie wenyewe. Je, huyu bado ni mwanafunzi au si mwanafunzi? Na mimi naweza kufanya nini bila kugombana na ukoo mzima?

#25 MwanaKishapu

Ndiyo hali niliyoieleza hapo juu, na imetufikia humu ndani ya siku mbili. Wakili, tusaidie haraka.

#26 Wakili wa Wilayani

Jirani, usibishane na mwenyekiti juu ya neno mwanafunzi, kwa sababu hapo mawakili wenyewe tunatofautiana. Mimi nitasema aliyekuwa anasubiri matokeo ya kuendelea na shule bado ni mwanafunzi. Mwingine atasema jina lake halimo katika rejista yoyote. Acha hilo kwanza. Shika maneno ya binti kwamba hataki. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Ndoa, sheria hiyo hiyo ya mwaka 1971, kinataka ridhaa ya hiari ya wanaooana, na idhini ya baba haiwezi kuziba nafasi ya ridhaa ya binti. Pia sheria inataka taarifa ya siku 21 itolewe kabla ya ndoa, na mtu anaweza kuwasilisha pingamizi kwa msajili. Andika pingamizi, taja umri na kutoridhia, peleka nakala kwa mtendaji wa kata na kwa afisa ustawi.

#27 Dada wa Ustawi

Kabla ya karatasi, piga 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, ni bure. Si lazima utaje jina lako. Watawasiliana na ofisi ya ustawi ya wilaya yako. Mke wako amuulize binti kama kuna ndugu anayemwamini, bibi au mjomba upande wa mama, ambaye anaweza kukaa kwake hadi shule zifunguliwe Januari. Usimpeleke wewe mwenyewe usiku, watasema umemtorosha. Na mwambieni atunze kadi ya kliniki, kama ipo, mahali ambapo baba hatafika.

#28 Kaka wa Nzega

Jirani, na mimi niseme jambo moja la kiume. Mtafute kaka yake mkubwa. Kama mahari hii ni ya kumwolea yeye, hakuna barua itakayozuia mpaka yeye aseme atasubiri. Mwulize anataka kuoa lini.

#29 Mama Neema

Na mke wako arudi kisimani kesho. Asimwambie binti chochote kikubwa, amwambie tu kwamba amesikia.

#30 Jirani Mwema

Nimesoma yote, ahsanteni. Nimepiga 116 mchana huu, wamechukua maelezo. Kaka yake anafanya kazi machimboni Kahama, nimepata namba yake kwa fundi baiskeli. Hajapokea bado. Nitajaribu tena jioni akitoka shimoni.